Haradali Ikiruka: Kukasirika kwa Kiingereza na kwa Kiromania

Siku ya kwanza kusikia kwamba haradali ya mtu imeruka, niliinama kutazama sakafu. Nilikuwa na mopu mkononi, nikadhani naitiwa kazi. Haradali haikuwepo. Aliyekuwepo ni mwanamke wa Iași, mji wa Romania, fundi wa keki na mikate, amesimama mbele ya oveni mashavu yamemwiva, na shefu ndiyo kwanza anatokea mlango wa nyuma kwenda kuvuta sigara yake. "Mi-a sărit muștarul," akarudia, safari hii akinitazama mimi, kisha akanigeuzia kwa Kiingereza neno kwa neno: "My mustard jumped." Nikacheka. Kicheko kile kilinigharimu siku mbili za kununiwa, na chai niliyozoea kutengenezewa kila asubuhi ikakoma.

Tangu hapo nina daftari. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani, na huu ni mwaka wangu wa tisa katika jiko la hoteli kaskazini mwa London. Nilianza kwa kuosha vyombo, sasa niko upande wa mboga na saladi. Nakaa Burnt Oak, mtaa ambao ukitoka tu stesheni unanusa mkate wa Kiromania kabla hujasikia neno la Kiingereza. Wala si mtaa wangu tu. Sensa ya mwaka 2021 ya England na Wales ilihesabu watu wapatao 472,000 ambao lugha yao kuu ni Kiromania; ukiacha Kiingereza na Kiwelisi, kilichokitangulia ni Kipolandi peke yake. Kwa hiyo ndugu yangu unayekuja huku kushika kazi ya jikoni, ya ghalani au ya kutunza wazee, jitayarishe: bosi atakukasirikia kwa Kiingereza, na mwenzako wa zamu atamkasirikia bosi, au wewe mwenyewe, kwa Kiromania. Shule tulifundishwa "I am angry" na, siku mwalimu akiwa na nafasi, "I am very angry". Miaka tisa, sijamsikia Mwingereza hata mmoja jikoni akitamka "I am very angry".

Kabla hatujaanza, matamshi kidogo ya Kiromania, maana hasira ikitamkwa vibaya inageuka kichekesho. Ș ni sh yetu. Ț ni ts, kama mtu anayeanza kusonya. C ikifuatwa na e au i inakuwa ch. Ă ni ile sauti hafifu ambayo Waingereza huimalizia "teacher". Â na î zinasomwa sawa, na sauti yake ni ile inayokutoka ukijigonga tumbo kwenye kona ya meza. Jaribu, utaona sitanii. Na i ya mwisho wa neno mara nyingi inanong'onwa tu: "nervi" utasikia "nerv" na kivuli cha i nyuma yake.

Panga kwa moto, si kwa alfabeti

Daftari langu la kwanza nililipanga kwa maana: hasira hapa, kuudhika pale, ghadhabu kule. Halikunisaidia kitu, kwa sababu maneno ya hasira yanatofautiana kwa ukali kuliko kwa maana. Sasa nina kurasa za aina tatu: makaa yaliyofunikwa majivu, mwali wa kawaida, na mafuta yaliyoshika moto. Kila neno naliandika pamoja na aliyelisema, aliyeambiwa, na kilichofuata. Hicho cha mwisho ndicho kinachokufundisha.

Anza na makaa ya majivu, kwa sababu humo ndimo Waingereza wanamokaa na ndimo sisi tunamoungulia. Meneja aliwahi kuniambia, "I'm a bit annoyed about the cold room." Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umelala wazi usiku kucha, na aliyetoka mwisho ni mimi. Nikasikia hiyo "a bit", nikaitafsiri "kidogo", nikajibu kwa furaha "No problem!" Kesho yake nikapewa onyo la maandishi. Basi shika hili: "a bit" mdomoni mwa Mwingereza aliyekasirika haipunguzi kitu, ni kitambaa tu cha kushikia sufuria ya moto. "I'm not best pleased" maana yake amekasirika sawasawa. "That's a bit much" maana yake umevuka mpaka. Sentensi ikianza na "With respect", heshima imekwisha. Na "Right." ikisemwa peke yake, fupi, mtu akashusha mikono na kuitazama meza, weka kisu chini usikilize.

Waromania kwenye makaa haya hawakai sana, lakini wanayo maneno yake. "Nu-mi convine" ni kusema jambo hili halinikai vizuri. "Mă deranjează" ni kwamba linanisumbua. "Sunt cam supărată pe tine", nimekukasirikia kiasi; na "cam" hiyo, tofauti na "a bit", mara nyingi ni kiasi kwelikweli.

Mwali wa kawaida: Kiingereza kina "angry", kina "cross", kina "fed up", kina "wound up". "Cross" ni neno la mama kwa mtoto, au la bibi kizee kwa paka wake. Ukimwambia shefu "I am cross with you" jiko zima litacheka, na utakuwa umeharibu hasira yako bure. Kiromania hapa kina neno moja linalobeba mizigo miwili, "supărat". Mtu aliyefiwa ni supărat, na mtu aliyeibiwa simu ni supărat. Kiingereza kina mwenzake, "upset", linalofanya hivyo hivyo, na kwetu pwani tunamwelewa vizuri maana mtu "amechukia" anaweza kuwa na machozi au na ngumi. Ukiambiwa fulani ni supărat, uliza kwanza kabla hujampa pole.

Halafu kuna jambo lililonifedhehesha mimi binafsi: hasira ya Kiromania ina jinsia. Nilitangaza mbele ya watu wanne kwamba "sunt nervos", wakaangua kicheko, kwa sababu nervos ni mwanamume, na mimi ni mwanamke. Mwanamke ni nervoasă. Supărat, supărată. Furios, furioasă. Enervat, enervată. Sisi tumezoea kusema "amekasirika" bila kujali ni baba au mama, kwa hiyo jambo hili lifanyie mazoezi kabla haradali yako haijaruka.

Mafuta yaliyoshika moto: "furious", "livid", "fuming", "seething". Mbili za mwisho zitenganishe. Anayesemekana "fuming" anatoa moshi, unamwona, anapiga milango. Aliye "seething" anatokota ndani, mdomo umefungwa, anakata vitunguu polepole mno. Mimi namwogopa wa pili. Kiromania nacho kinasema "fierbe", anachemka, na juu zaidi kuna "turbat", neno linalotoka kwenye ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na "face spume la gură", anatoa povu mdomoni. Waingereza husema "see red". Waromania nao wanaona wekundu mbele ya macho, "văd roșu în fața ochilor". Hapo hakuna cha kujifunza, rangi ni ile ile.

Maneno yanayokugeuka

Huyu dada wa Iași, kabla ya siku ya haradali, alikuwa amemwendea meneja na kumwambia kwa Kiingereza, "I am very nervous today." Alikuwa amebadilishiwa zamu mara ya tatu kwa wiki bila kuulizwa. Meneja akampapasa bega: "Don't be, you'll be fine!" Nadhani haradali ilianza kutikisika hapo. "Nervos" ya Kiromania ni mtu mwenye hasira, mishipa imemsimama. "Nervous" ya Kiingereza ni mtu mwenye wasiwasi, tumbo linamcheza kabla ya mtihani. Alichotaka kusema ni "I'm really annoyed" au, kama angekuwa nje ya kazi, "I'm fuming". Na ukitaka kumwambia Mromania kuwa una wasiwasi, usiseme nervos hata kidogo. Sema "am emoții". Neno lenyewe linafanana na "emotions", lakini kazi yake ni ile hofu ya kupanda jukwaani.

"Livid" inawatega wao zaidi kuliko sisi, lakini ijue. Kwa Kiingereza cha leo, "She was livid" ni hasira ya kiwango cha juu. Kwa Kiromania "livid" ni rangi ya uso: umepauka, umeingia ubuluu, kama mtu anayetaka kuzimia. Nimewahi kumwona kijana wa Kiromania akimpelekea shefu glasi ya maji kwa sababu ameambiwa shefu ni livid. Maji hayakupokelewa.

"Mad" tuliisikia kwenye filamu za Kimarekani ikimaanisha kukasirika, na Uingereza wanaielewa hivyo, ila mara nyingi hapa mtu mad ni mwendawazimu. "Pissed" ndiyo hatari: kwa Mmarekani ni amekasirika, kwa Mwingereza amelewa. Ukitaka hasira, ongeza "off", na hata hivyo si neno la kumwambia meneja wala mgonjwa unayemtunza. Kwa kulewa, Kiromania wana "beat". Ndiyo, inaandikwa kama "beat" ya Kiingereza, kupiga. Siku ya kwanza kuona ujumbe wa simu "e beat" nilidhani kuna mtu amepigwa.

Na "temper". Hili lilinichanganya mwaka mzima. "He has a temper" maana yake ana hasira za karibu. "He lost his temper" maana yake amekasirika. Sasa ukipoteza hasira unakasirikaje? Jibu ni kwamba neno hili zamani lilikuwa na maana ya mchanganyiko wa tabia, mizani ya mtu; mizani ikipotea, hasira inaingia. Lakini "have a temper" likabaki na maana ya mizani mbovu. Usilitafutie mantiki, likariri. Kiromania kimeligawa vizuri zaidi: aliyepoteza mizani "și-a pierdut cumpătul", na mwenye hasira za karibu ni "iute la mânie", mwepesi wa hasira.

Kuna na haya maneno madogo yanayofuata. Kiswahili kina neema moja inaitwa -ia: nimekukasirikia, basi, mtu na hasira yake vimeshafungwa fundo. Kiingereza kinataka "angry with" au "angry at" kwa mtu, na "angry about" kwa jambo. Usiseme "angry to you". Kiromania kinasema "supărat pe tine", na hiyo "pe" ni "juu ya", ndiyo maana utawasikia wenzangu wakisema kwa Kiingereza "I'm angry on you". Mimi nimeshaacha kuwasahihisha. Picha ya hasira imekukalia juu naipenda.

Hasira inatoka jikoni

Hapa ndipo napokaa mimi. Kiswahili kina neno kufoka: sufuria ikifoka, maji yanamwagika jikoni, mtu akifoka, maneno yanamwagika watu wote wasikie. Neno moja, jiko moja. Nilipokuja kuyapanga maneno ya Kiingereza na Kiromania nikakuta nao wote walianzia hapo hapo.

Fuata sufuria hatua kwa hatua. Mtu akiwa na hasira ya kimya muda mrefu, Kiingereza kinasema "he's stewing", anajipika taratibu kama mchuzi. Ikizidi, "it's about to boil over". Ikimwagika, "he blew his top" au "he flipped his lid", mfuniko umeruka. Kiromania, "i-a sărit capacul", mfuniko umemruka vile vile. Ukitaka kumtuliza mwenzako kwa Kiingereza, "simmer down", punguza moto, lakini mwambie aliye sawa nawe au chini yako, usimwambie bosi. Na baada ya mtu kusema yote, Waingereza husema ameshatoa mvuke, "let off steam"; Waromania husema "m-am răcorit", nimejipoza; sisi tunasema nimetoa donge.

Haradali nayo iko humu. "Mi-a sărit muștarul" ni hasira ya ghafla, ya kulipuka, si ile iliyokaa. Kwa Kiingereza ningeiweka karibu na "I lost it" au "I flew off the handle". Tazama sentensi ilivyojengwa: si "nimeruka" bali "imeniruka". Kwao mwenye haradali hakutenda, ametendwa. Kwetu pia: hasira zilinipanda, nilipandwa na mori. Mwingereza ndiye anayebeba lawama mwenyewe, "I lost it", mimi nimepoteza. Kwa hiyo ukitafsiri Kiswahili chako kwenda Kiromania mara nyingi sentensi inakaa yenyewe, ukienda Kiingereza lazima umgeuze mtu awe mtendaji.

Vinavyoruka vingine: "mi-a sărit țandăra", kibanzi kimeniruka. Kazi yake ni ile ile. Halafu kuna tikiti. "M-a scos din pepeni", amenitoa kwenye matikiti, kwa Kiingereza "he drove me up the wall", amenipandisha ukutani. Hii ni hasira ya kuchokozwa, mtu amekuchokonoa hadi umetoka. Ipo pia "m-a scos din sărite", ambayo utaisikia mara nyingi zaidi, na kwa waliochoka kabisa "mă calci pe nervi", unanikanyaga mishipa, ndiyo "you're getting on my nerves". Hizi tatu ziandike ukurasa mmoja.

"Foc și pară" ilinipiga chenga. Ninajua foc ni moto. Ninajua pară ni pea, kila siku namenya. Nikasikia "șefu' e foc și pară", nikaelewa moto na pea, nikadhani ni kitindamlo kipya kwenye menyu. Kumbe pară ni jina pia la mwali wa moto, neno la zamani lenye sura ile ile ya tunda. Shefu alikuwa moto na mwali, amewaka. Nilikwenda na kuuliza kama nimenye pea ngapi.

Na kisu. "Mi-a ajuns cuțitul la os", kisu kimenifika mfupani, ni pale ambapo sisi tunasema maji yamenifika shingoni. Waingereza wana "I've had it up to here", na wanaonyesha kwa mkono mahali penyewe, kidevuni au juu ya kichwa. Mkono huo usiusahau; bila mkono sentensi inapungua nguvu.

Kushiba

Ukialikwa nyumbani kwa Waromania utapewa ciorbă de burtă, ambayo ni supu ya utumbo, ndugu yangu, utadhani uko Barabara ya Kumi na Mbili kwetu Tanga Jumapili asubuhi, ila ya kwao ina krimu na siki. Utapewa mămăligă, na hiyo ni ugali wa mahindi, usiwaambie ni kitu kingine. Ukimaliza unasema "m-am săturat", nimeshiba, na wenyeji wanafurahi. Sasa ongeza "de tine" mbele yake, "m-am săturat de tine", na umemwambia mwenyeji wako kwamba umemchoka hadi mwisho. Kitenzi ni kile kile. Kiingereza kimefanya hivyo hivyo na "fed up", ambayo ndani yake mna kulishwa. Sisi tuna kukinai, tunapitia mlango ule ule: nimekinai pilau, nimekinai maneno yako. Kwa hiyo mezani simama kwenye "m-am săturat" na usiongeze neno. Kama unaogopa, sema tu "mulțumesc", asante.

Kutoka hapo hapo mezani: "s-a umplut paharul", glasi imejaa, tone moja tu linaimwaga. Waingereza wanalo la unyasi wa mwisho uliomvunja ngamia mgongo, "the last straw".

Na maadamu nimetaja ugali. Mzee mmoja wa Bacău anayeosha vyombo nasi aliniambia kuwa enzi za Ceaușescu, mtawala wa Romania wakati ule, watu walikuwa na msemo juu yao wenyewe, "mămăliga nu explodează", ugali haulipuki. Maana yake Mromania avumilie tu, hatafanya kitu. Desemba 1989 moto ulianzia mji wa Timișoara, na tarehe 21 Ceaușescu akasimama kwenye roshani mjini Bucharest kuhutubia umati ulioletwa kumshangilia. Wakamzomea. Kesho yake aliondoka juu ya paa kwa helikopta. Neno la kuzomea ni "a huidui", liandike kwenye mafuta yaliyoshika moto, na ukilitamka utasikia lenyewe linazomea. Mzee alikuwa na miaka 19 wakati ule. Nilipomuuliza alijisikiaje siku ile hakusema furios wala nervos. Alisema "mi-a fost frică", niliogopa, akarudi kwenye sinki lake.

Nu te supăra

Hii itakuokoa barabarani. Mtu akikusimamisha Burnt Oak akasema "Nu vă supărați," usishtuke ukafikiri umemkosea. Neno kwa neno amesema "msikasirike", lakini maana yake ni samahani, naomba kukuuliza, kituo cha basi kiko wapi. Kwa mtu mliyezoeana ni "nu te supăra". Kiingereza ni "Excuse me" au "Sorry". Mimi niliposikia mara ya kwanza nilijibu, kwa Kiingereza, "I'm not angry", na yule mama akabaki ananitazama.

Na ludo, mchezo ule ule wa vibanda vyetu vya kahawa, Kiromania unaitwa "Nu te supăra, frate", usikasirike, kaka. Aliyeupa jina hilo alishawahi kuliwa kete akiwa hatua moja kutoka nyumbani.

Kwa wale wanaonuna badala ya kulipuka kuna msemo nisioweza kuuacha: "s-a supărat ca văcarul pe sat", amekasirika kama mchunga ng'ombe aliyelikasirikia kijiji. Yaani amesusa, na kijiji wala hakina habari. Sisi tungesema hasira za mkizi, faida ya mvuvi. Kiingereza kina "to cut off your nose to spite your face", kujikata pua kuukomoa uso wako, lakini hiyo ina madhara. Mchunga ng'ombe hana madhara, ana aibu tu. Kwa kununa kwenyewe, Kiingereza ni "sulk", Kiromania "bosumflat", neno ambalo mashavu yanavimba ukilitamka. Anayeamka na kisirani, Waingereza husema ametokea upande mbaya wa kitanda, Waromania "s-a trezit cu fața la cearșaf", ameamka uso kwenye shuka.

"Mi-e ciudă" nimeliwekea ukurasa wake peke yake kwa sababu Kiingereza hakina neno moja la kulijibu. Mwenzako kapata likizo ya Idi na wewe ulikuwa wa kwanza kuomba; si hasira kamili, si wivu kamili, na ndani yake unajilaumu na wewe. Kwa Kiingereza utazunguka: "It really bugs me", "I'm kicking myself", "I'm so jealous". Kwa Kiswahili nililipata papo hapo: kijiba cha roho. Vijana wao hutumia "ofticat", na neno hilo linatokana na "oftică", jina la zamani la kifua kikuu. Kijiba kimekula mapafu.

Mashetani

Waromania wanamtaja shetani sana. "Am draci", nina mashetani, yaani leo nimeamka vibaya msinisogelee. Mtu wa Tanga hahitaji kufafanuliwa hilo, ingawa sisi tungetafuta na ngoma ya kuwapunga. "Du-te dracului" ni kumpeleka mtu kwa shetani, na ni kali. Wamama wa makamo hawapendi kumtaja, husema "naiba" badala yake: "la naiba", "du-te naibii". Waingereza wamepanga hivi hivi: "bloody hell" ya kawaida, na "flipping heck" ya mbele ya mama mkwe. Yapo na matusi ya mama, pande zote. Utayasikia, utayajua kwa sauti. Sikuyaandika.

Ukikasirika wewe

Chagua sentensi tatu tu kwa kila lugha uzikariri nyumbani, kwa sababu hasira ikipanda sarufi inatoka. Kwa Kiingereza, kazini, mimi nina "I'm not happy about this", ambayo ina nguvu kuliko inavyoonekana na haiwezi kuandikiwa onyo. Nina "Please don't speak to me like that", taratibu, ukimtazama machoni. Na nina "Can we talk about this later?" ya kunipa nafasi ya kwenda kulia kwenye chumba cha baridi. Kwa Kiromania, "Nu țipa la mine", usinipigie kelele, na kwa mkubwa "Vă rog să nu țipați la mine". "Nu-mi vorbi așa", usiniongeleshe hivyo. Na "Lasă-mă în pace", niache kwa amani, ambayo ukiongeza "te rog" inapoa nusu.

Kusimulia baadaye ni raha nyingine. Mtu uliyempa vidonge vyake, kwa Kiingereza umempa kipande cha akili yako, "I gave him a piece of my mind". Kwa Kiromania "i-am zis vreo două", nimemwambia kama mawili hivi. Mawili gani? Hawasemi, na hakuna anayeuliza.

Ukurasa wangu wa wiki iliyopita, mfano wa jinsi ya kuandika: Jumatatu, "cam supărată", dada wa Iași kwa mimi, nimetumia mwiko wake kukorogea kitunguu, makaa, nilimnunulia mwiko. Alhamisi, "mă calci pe nervi", mzee wa Bacău kwa redio, mwali wa kawaida, aliizima. Jumamosi, "Right.", meneja kwa mashine ya kuosha vyombo; nilidhani makaa; aliipiga teke, sasa tunaosha kwa mkono.